Aliyenitoa Majini Tulimlilia Miaka Minane

Sehemu ya tatu

Mlionisoma wiki jana mnajua nilivyoondoka nyumbani kama mwizi.

Bosi nilimwambia nakwenda kung'oa jino. Mama nilimwambia kiwandani wananipeleka mafunzo ya mashine mpya, siku tatu tu. Mimi ni mkataji. Kazi yangu ni kulaza vitambaa vya sare za shule mezani, kuchora kwa chaki na kupitisha mkasi. Mashine sijui hata inawashwa wapi. Mama hakuuliza. Angeuliza swali moja tu, angenishika.

Safari yenyewe ilikuwa ya kisiwani, kwenye ufuo ule ambao magazeti huuandika kwa mambo mawili: kuusifia mchanga wake na kutangaza waliozama. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yangu, alitangazwa miaka minane iliyopita. Mwili hatukuupata. Tulipata shati, suruali na viatu, vimepangwa vizuri juu ya mwamba.

Na mlioanza nami tangu mwanzo mnajua kwa nini ilikuwa lazima niende. Siku aliyoondoka tuligombana. Mama alikuwa kitandani, presha imempanda, na yeye ameacha kazi ghafla, anafunga begi, eti anakwenda kupumzika ufukweni. Nilimfuata hadi mlangoni nikamwambia, "Nenda! Na ukipotelea huko, hakuna atakayekulilia."

Mama alisikia.

Siku nne baadaye taarifa ilipofika, aliniangalia akasema maneno mawili: "Ulimi wako."

Hakuyarudia tena. Hakuwa na haja.

Basi nikafika.

Boti ilitutema gatini saa tatu asubuhi. Abiria wote walikuwa wawili wawili, watano watano, na makoti ya mvua na makapu. Mimi nilikuwa na begi moja, mkate na mayai sita ya kuchemsha. Mkata tiketi alikuwa ameniuliza, "Peke yako?" Mwanamke niliyekaa naye ubavuni akaniuliza, "Peke yako?" Hata mzee aliyetapika njia nzima alipata nafasi kati ya tapishi moja na jingine akaniuliza, "Binti, uko peke yako?"

Nilichukua kitanda mahali pa bei rahisi kuliko pote, chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni, kando ya mabeseni ya kufulia. Vitanda sita vya chuma na msumari mmoja ukutani kwa kila mgeni. Mwenye nyumba alikuwa mama mpana, funguo zote amezining'iniza shingoni kama mkufu.

"Peke yako, mwanangu?"

"Peke yangu."

"Hakuna mume, hakuna shoga, hakuna hata paka?"

"Hakuna."

Akanipima kwa macho toka kichwani hadi kwenye ndala. "Wanaokuja hapa peke yao ni wa namna mbili. Wasio na kitu, na waliochoka kuishi. Wewe ni yupi?"

"Wa kwanza, mama."

"Afadhali. Hao huwa hawaniharibii shuka." Akacheka hadi funguo zikalia. Kisha akaacha kucheka. "Nisikilize. Ukiona bendera nyekundu, geuka. Maji mabaya ya hapa hayapigi kelele. Yanatulia kama yamelala, halafu yanakuvuta. Kuna mtu anayezichomeka hizo bendera kila asubuhi, tunamwita Bendera. Akikupulizia filimbi, usibishane naye. Toka."

"Ametoa wangapi?"

"Ah! Mwaka huu pekee, kumi na mmoja. Wala hataki sifa. Alikuja mwandishi na kamera, Bendera akajifungia ndani siku mbili, akasema anaumwa tumbo."

Nilicheka naye. Ningejua, ningeketi pale pale chini.

Ufuo sitawaelezea sana. Ulikuwa mzuri wa kumtia mtu hasira. Miaka minane nilikuwa nimeuchora kichwani kama mdomo wa mnyama, kumbe ni mchanga mweupe na maji ya rangi ya chupa, na watoto wanacheka. Nikajisikia kama nimeonewa.

Niliutafuta ule mwamba. Nilikuwa na picha yake, ya gazetini, imeshakunjika mara nyingi hadi kaka yangu, yaani nguo zake, zimepasuka katikati. Ulikuwa mbali na watu, mwishoni kabisa. Mbele yake palikuwa na bendera nyekundu.

Niliiona. Sitadanganya kwamba sikuiona.

Lakini nilijiambia, mimi siendi kuogelea. Naingia hadi magotini, nasema nilichokuja kusema, natoka. Nikavua ndala. Nikaingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yametulia kabisa, kama alivyosema mama wa funguo.

"Kaka," nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye boti, mazuri, marefu. Yote yakaniruka. "Kaka, nilikulilia. Nilikulilia kila siku. Nisamehe."

Mchanga ukaondoka chini ya miguu yangu.

Si kwamba niliteleza. Uliondoka, kama mtu anavyovuta kitambaa mezani. Nilipoinua kichwa, mwamba ulikuwa umeshakuwa mdogo. Nikapiga mikono. Kila nikipiga, ufuo unakwenda mbali. Nikameza maji. Nikasikia filimbi, moja ndefu, halafu sikusikia kitu.

Kisha mkono ukanipita chini ya kwapa.

"Usipigane!" Sauti ilikuwa sikioni kwangu. "Lala chali! Acha maji yakupeleke, usipigane nayo!"

Nikapigana. Nikampiga hata usoni.

"Lala chali, nimekwambia!"

Nikalala. Hakunivuta kuelekea nchi kavu. Alinivuta kando, kando, kwa muda mrefu, hadi yale maji yakatuachilia yenyewe, ndipo akageuka. Nilipohisi mchanga mgongoni nilijiviringisha nikatapika mayai yote na nusu ya bahari.

Alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, ananipigapiga mgongo. Mtu mwenye ndevu nyingi, mweusi kwa jua, filimbi shingoni.

"Hukuiona bendera?" alifoka. "Mna nini nyie watu? Rangi nyekundu hamuijui?"

Nikageuza uso.

Sikio lake la kushoto lilikuwa halina ncha. Ncha ile ilibaki kwenye waya wa uzio wa shule, yeye akiwa na miaka kumi na mimi sita, na nilimshika mkono njia nzima hadi zahanati.

Akaacha kufoka. Mdomo ulibaki wazi.

"Sindano?" akasema.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita Sindano. Alinipa jina hilo kwa wembamba wangu, na lilikwenda naye.

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni maji. Na nilipomaliza kukohoa, alikuwa amesimama, anarudi nyuma hatua moja moja. Halafu akageuka akakimbia.

Mtu aliyejitosa bila kusita kwenye maji yanayoua, alinikimbia mimi, mwenye kilo hamsini na mbili, na kamasi zinanitoka.

* * *

Nilimkuta mama wa funguo anaanika mashuka.

"Bendera anakaa wapi?"

"Mungu wangu! Umetoka wapi hivyo?"

"Anakaa wapi?"

"Nyumba ya milango ya bluu, nyuma ya kisima. Lakini mwanangu, kwanza ubadi—"

Sikungoja. Nilikwenda na nguo zinachuruzika, mguu mmoja una ndala niliyoiokota mwambani, mwingine hauna. Njiani nilikuwa nikimtungia visingizio. Nisikilizeni nilivyokuwa mjinga: nilidhani alipoteza kumbukumbu. Aligonga kichwa mwambani, akasahau kwao, akasahau mama. Yaani nilikuwa tayari kumsamehe kabla sijapiga hodi. Mpaka nikakumbuka kwamba aliniita Sindano.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye povu la sabuni hadi viwikoni. Akaniangalia uso. Hakushtuka kwa maji wala kwa mguu mtupu. Povu likawa linadondoka tu sakafuni.

"Wifi," akasema taratibu.

"Umenijuaje?"

Akasogea kando nione ndani. Chumba kidogo, safi, meza, viti vitatu, kitanda cha mtoto chenye mtoto amelala. Na ukutani, kwenye fremu, mimi. Nimesimama mezani kwangu kiwandani, mkasi mkononi, nacheka.

Picha ile naijua. Ilipigwa mwaka juzi. Mama alikuja kazini kuniletea chakula, akasema, "Hebu simama hapo nikupige, umependeza leo." Nilifurahi wiki nzima. Mama yangu si mtu wa kusema umependeza.

"Nani amewapa hii?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama mkwe." Akawa ananitazama kama mtu anayeogopa kukanyaga kioo. "Si huwa anakuja? Kila mwezi wa nane?"

Nikashika fremu ya mlango.

Kila mwezi wa nane mama huenda kumuuguza dada yake, mama yangu mkubwa, mwenye miguu mibovu. Mimi ndiye ninayembebea begi hadi stendi. Mimi ndiye ninayemchemshia mayai ya njiani, naamka saa kumi na moja, nayafunga kwenye kitambaa yasipasuke. Mayai yangu yalikuwa yakiliwa hapa, kwenye meza hii.

"Karibu ukae, wifi," akasema yule mwanamke. "Tumekusubiri sana. Hata mtoto tumempa jina lako."

"Mlinisubiri?"

"Mama alisema hutaki kuja. Tulimtuma akubembeleze, kila mwaka. Alisema umeapa."

"Nimeapa nini?"

Akaangalia chini. "Kwamba kwako wewe, kaka yako ameshakufa."

Nilicheka. Sijui cheko lile lilitoka wapi. Lilimwamsha mtoto, akaanza kulia, na mama yake alipombembeleza anyamaze, alimwita kwa jina langu.

* * *

Kaka aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshavaa shati, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa kosa.

"Kaa kwanza," akaniambia.

"Sikai."

"Dada, kaa. Unatetemeka."

"Usiniite dada. Dada yako nilikuwa wakati wa kukulilia. Miaka minane! Unajua nilimkataa mtu wa kunioa? Mtu mzuri, mstaarabu, kaja na wazee wake. Nikasema nitamwachaje mama, mtoto wake mwingine nimemuua kwa mdomo wangu. Nilisema hivyo, mbele ya wageni!"

"Sikujua hayo."

"Ungejuaje? Wewe ni marehemu!"

Mkewe alichukua mtoto akaingia naye chumba cha pili. Pazia lilibaki linacheza.

Kaka akakaa yeye. Akaiweka mikono mezani. "Niligonga mtu," akasema. "Na gari la kampuni. Nilimpeleka hospitali, nikamwacha mlangoni nikakimbia. Akafa siku ya tatu. Polisi walikuja kazini, wakalipima gari, wakaondoka, wakarudi. Nikajua zamu ya tatu watakuja na pingu."

Nikakamua pindo la nguo, maji yakadondoka sakafuni.

"Nilimwambia mama. Mama akafikiri usiku kucha. Asubuhi akaniambia, kuna ufuo mmoja, watu wanazama pale kila leo na miili haionekani. Hakuna atakayeuliza maswali. Nenda ukafie kule." Akajifuta uso. "Nilipanga nguo mwambani kama alivyonielekeza. Nikavuka upande wa pili wa kisiwa, nikaishi huko mashambani miaka mitatu. Watu wa kwetu wanauogopa ufuo huu kama ugonjwa, hakuna anayekuja. Ndevu zikaota. Siku moja nikamwona binti anavutwa na maji, nikaingia. Tangu hapo nikawa Bendera."

"Kwa hiyo mama ndiye aliyekuua."

"Mama ndiye aliyeniokoa."

"Nipe simu."

"Usimpigie sasa hivi. Presha yake—"

"Nipe simu!"

Alinipa. Namba ya mama alikuwa ameiandika "Duka". Ikaita mara moja tu.

"Haloo, baba yangu!" Ilikuwa sauti ya mama, lakini sikuwa nimeisikia kwa miaka minane. Ilikuwa na kicheko ndani yake. "Baba, umeamkaje? Mjukuu wangu hajambo? Nilikuwa nakuwaza sasa hivi, wallahi."

Niliacha azungumze kidogo. Nilitaka kumsikia mwanamke yule ambaye mimi nyumbani sikupewa.

"Mama, ni mimi."

Nikasikia redio yake inazimwa.

Hakupiga kelele. Hakulia. Aliuliza tu, "Amekwambia?"

"Amesema aligonga mtu."

"Akasema nini tena?"

"Kwani kuna mengine?"

Nikasikia anavuta kiti.

"Mama, kuna mengine?"

"Panda boti ya jioni, mwanangu," akasema. Sauti imeshageuka ile ninayoijua. "Rudi nyumbani. Mlaumu mtu mmoja tu, mimi. Na huyo usimuulize kitu tena, umenisikia? Usimuulize kitu."

Akakata.

Nikaiweka simu mezani. Nikavuta kiti, nikakaa. Kaka alikuwa anaangalia ukutani, kwenye picha yangu.

"Kuna nini tena?" nikamuuliza.

"Amesema uende, nenda."

"Nimevuka maji kuja kuomba msamaha kwa shati na suruali. Nimezama, nimetapika, nimekuta nina wifi. Leo hii hakuna mtu atakayeniambia nenda. Kuna nini tena?"

Akapumua kama anayeshusha gunia.

"Unakumbuka nilipokuwa nakufundisha gari?"

Nilikumbuka. Ilikuwa siri yetu, bosi wake asijue. Asubuhi mapema kabla ya kazi, barabara ya machimbo ya kokoto, ile pikapu nyeupe ya kampuni. Aliniruhusu kushika usukani mara nne tu, halafu akaacha ghafla, akasema bosi amegundua.

"Mara ya mwisho kulikuwa na ukungu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukagonga kitu."

"Nikagonga mbwa," nikasema. "Nililia kwa ajili ya yule mbwa. Nilitaka kugeuza tukamwangalie, ukasema amekimbilia vichakani, ukakamata usukani ukanihamisha kiti, ukanirudisha..."

Sikumaliza.

Hamjui jinsi mtu anavyoweza kukaa kwenye kiti na kiti kikawa hakipo. Nyuma ya pazia mtoto alikuwa ameshanyamaza. Wifi naye alikuwa kimya, na nilijua, kwa ule ukimya, kwamba hata yeye alikuwa anaisikia hii kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa nani?"

"Mlinzi wa machimbo. Alikuwa anatoka zamu."

"Wewe ulimwona. Pale pale ulimwona."

"Nilimwona kwenye kioo."

"Ukarudi baada ya muda gani?"

Akaanza kuipangusa meza kwa kiganja.

"Kaka, ukarudi baada ya muda gani?"

"Kama saa mbili. Nilikupeleka kwanza nyumbani. Ulikuwa unalia, sikuweza..." Akafunika uso. "Alikuwa bado mtaroni. Alikuwa bado anapumua, Sindano."

Saa mbili. Nilikwenda nyumbani nikanawa uso. Nikanywa chai. Nikasimulia habari za mbwa, na mama akaniambia pole.

"Ningegeuza gari," nikasema. "Nilitaka kugeuza."

"Ulikuwa na miaka ishirini na mbili. Huna leseni. Mama alisema, mmoja akipotea inatosha."

"Na ulimi wangu je? Mama alijua u hai, akaniambia ulimi wangu ndio umekuua! Hilo nalo lilikuwa la kuniokoa?"

Akaondoa mikono usoni. Macho yalikuwa mekundu kwa chumvi, au kwa mengine.

"Uliendelea kuuliza habari za yule mbwa," akasema. "Hata mimi nilipokwisha kuondoka, ulikuwa unamwambia mama unataka kwenda machimboni kumtafuta. Mama aliogopa. Aliniambia hapa hapa kisiwani, mwaka wa kwanza alipokuja. Alisema ukiwa na jambo la kulilia, hutakwenda kutafuta lingine."

Nimefanya kazi ya kukata kwa miaka kumi. Najua mtu anayekata kwa pupa na anayekata kwa kupima. Mama yangu alinipima. Alinikadiria hatia, akaniletea inayonitosha, akanivisha, na kila asubuhi kwa miaka minane alinitazama nikitoka nayo mlangoni.

"Nani aliwaomba?" nikauliza.

"Nini?"

"Nani aliwaomba? Mlikaa wawili, mkanifanyia hesabu ya maisha yangu, mkagawana. Wewe ukapata ufuo, mke na mtoto. Mama akapata mwana wa kumpigia simu akicheka. Yule mlinzi akapata mtaro. Mimi nikapata nini? Aliitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mtu! Jina lake!"

Akatikisa kichwa. Hakulijua. Miaka minane, na hakuwahi hata kuuliza.

Nikainuka.

* * *

Kituo cha polisi cha kisiwa ni chumba kimoja karibu na gati, dawati moja, kalenda ya mwaka uliopita. Kaka alinifuata njia nzima, hatua tano nyuma, anaongea kwa sauti ya chini watu wasisikie.

"Fikiri kwanza. Anayeumia si mimi peke yangu. Mama ndiye aliyekula kiapo mahakamani kwamba nimekufa. Ana miaka sitini na saba. Unataka afie ndani?"

Sikugeuka.

"Basi ngoja nikupeleke ukanywe maji, tuongee. Sindano! Ngoja kesho."

Sikugeuka.

Afande alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniona tu akatabasamu, akavuta daftari kubwa. "Wewe ndiye yule wa mwambani? Habari zimeshafika. Pole sana, dada. Keti, keti. Kila anayetolewa majini tunamwandika, ni utaratibu." Akalamba kidole, akafunua. "Wa kumi na mbili mwaka huu. Haya. Umri?"

"Thelathini."

"Kazi?"

"Mkataji nguo."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia. Nianzie mbwa? Nianzie ukungu? Mtu husemaje mbele ya mgeni kwamba ameua, na amejua leo?

"Ndugu wa karibu?" akauliza afande. "Tukihitaji kumjulisha."

"Afande," nikasema, "mimi nimekuja kwa jambo jingine. Miaka minane iliyopita kuna mtu aligongwa na gari—"

"Niandike mimi."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Filimbi bado iko shingoni.

Afande akainua miwani. "Bendera! Wewe si ulituambia huna ndugu?"

"Nilidanganya. Huyu ni dada yangu, tumbo moja. Na jina mnaloniita si langu." Akaingia ndani, akanyoosha mikono yote miwili juu ya daftari, viganja juu. Alikuwa haniangalii mimi hata kidogo. "Huyo mtu aliyegongwa, nilimgonga mimi. Nilikuwa peke yangu kwenye gari. Dada yangu hajui lolote, amesikia leo. Ndiyo maana amekuja."

Afande akaweka kalamu chini. Akamwangalia mtu aliyewatoa watu kumi na wawili majini mwaka ule, akamwangalia muda mrefu, na tabasamu likamwisha usoni kidogo kidogo. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada," akasema, "ni kweli alikuwa peke yake?"